Siku Nne za Kutafuta Swichi

Kompresa yangu niliinunua ikiwa tayari imezeeka, kwa mtu aliyekuwa anafunga gereji yake Makambako na kurudi kwao. Mtungi wake ulipakwa rangi ya bluu juu ya nyekundu, na chini ya nyekundu kulikuwa na rangi nyingine ambayo hata yeye hakuijua. Niliipandisha kwenye lori la mbao nikaileta Njombe, kwenye banda langu la matairi kando ya barabara iendayo Makete.

Kazi ya kompresa ni kushindilia upepo kwenye mtungi. Juu yake hukaa swichi ndogo ya presha, ambayo mafundi wengi huku huiita otomatiki. Mtungi ukijaa, swichi hiyo hukata umeme yenyewe. Upepo ukipungua, huwasha tena. Ikifa, mota haina wa kuiambia kwamba imetosha. Itasukuma mpaka iungue, au mtungi upasuke.

Yangu ilikufa mwaka wa pili. Niliifungua nikakuta vidole vyake vya shaba vimeungua vimekuwa vyeusi. Nikaitoa, nikaunganisha waya moja kwa moja, nikapigilia swichi ya kawaida ya taa kwenye nguzo ya banda, nikamwomba mke wangu akae karibu awe anawasha na kuzima. Nilimwambia ni kwa siku mbili tu. Ikawa miaka tisa.

Alijifunza kazi hiyo kwa sikio. Geji ya mtungi ilikuwa imekufa zamani, mshale wake umelala kwenye sifuri, kwa hiyo hakuwa na cha kutazama. Alinieleza siku moja kwamba mashine ikikaribia kujaa, sauti yake hushuka, inakuwa kama ya mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Hapo ndipo alipozima. Hakukosea hata mara moja. Alikaa pale kwenye kigoda, nyuzi za sufu ziko mapajani, akifuma sweta za watu, na madereva wa viazi na mbao wakamzoea. Wakifika siku ambayo ameingia ndani kupika, waliniuliza, "Mzee, otomatiki yuko wapi leo?" Nami nilicheka pamoja nao. Yeye pia alitabasamu mara za kwanza. Baadaye aliacha, mimi sikuacha.

Tena kuna jambo jingine. Valvu ya usalama, ile inayofungua yenyewe presha ikizidi, ilikuwa inavuja, na uvujaji ulinipotezea upepo. Nikaiziba kwa bolti. Nilijua ninachokifanya. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne, na somo la gesi nililielewa vizuri. Nilimkalisha mke wangu hatua mbili kutoka kwenye mtungi huo na nikaendelea kugonga matairi.

Mke wangu ni Mkinga wa Bulongwa. Mimi ni Mbena. Tuliishi Njombe kwa miaka yote hiyo tukizungumza Kiswahili nyumbani, na watoto wetu, ambao sasa wako mbali na wana watoto wao, walikua wakijua Kiswahili na Kibena kidogo. Kikinga alikisema yeye peke yake, kwenye simu na ndugu zake. Mimi sikujifunza. Hakuna aliyenizuia.

Simu ilipigwa Jumatatu mchana, msimu wa viazi, wakati malori yanapopanga foleni. Alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu. Mama yao, bibi mzee sana aliyekuwa akiishi kwake, alikuwa amelala kitandani siku kadhaa na amekataa chakula. Mke wangu alizima mashine ili asikie. Alipomaliza alikuja nilipokuwa nimechuchumaa na nyundo.

"Mama hali," alisema. "Kaka anasema wakimpelekea uji anageuka ukutani. Anasema atakunywa nikipika mimi."

"Wazee wana mambo," nilisema.

"Nataka niende kesho."

Nilitazama lori lililokuwa limeinuliwa kwa jeki mbele yetu, na jingine nyuma yake. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda jipya la matairi, lenye kompresa mpya, na mwenye banda alikuwa amekaa juu ya tairi akitutazama. Nilijua wateja wa viazi. Wakikukuta umefunga siku tatu, wanazoea upande wa pili.

"Nani atazima mashine?" nilimuuliza.

Alitazama swichi kwenye nguzo.

"Nipe siku moja," nikasema. "Nitanunua swichi. Nikiifunga tu, unakwenda, unakaa hata mwezi."

Alisema sawa. Alirudi kwenye kigoda chake akawasha. Ningeweza kufunga banda. Ningeweza kuzima mwenyewe, nikatembea kutoka kwenye tairi hadi kwenye nguzo mara hamsini kwa siku, miguu yangu ilikuwa mizima. Nayaandika haya kwa sababu kwa muda mrefu nilijieleza kwamba sikuwa na njia.

Huku kwetu mtu hanunui spea kwa maneno. Unakwenda na ile iliyokufa, unaiweka juu ya kaunta, na muuzaji anatafuta pacha wake. Hiyo ndiyo sampuli, na bila sampuli wewe si fundi, ni mpita njia. Sampuli yangu mimi nilikuwa nimeiuza pamoja na vyuma chakavu mwaka ule ule ilipokufa. Jumanne niliingia kwenye duka la mabomba hapa hapa Njombe, ili nisipoteze siku kwenda Makambako. Mama aliyekuwa akiuza alinionyesha kisanduku cha kijivu chenye skrubu juu yake.

"Hii ni ya presha?" nilimuuliza.

"Ndiyo, baba, ya presha. Wanachukua sana."

"Ya kompresa?"

"Wanachukua kwa pampu za maji. Lakini presha si ni presha?"

Nilijua kwamba jibu ni hapana, ya maji si lazima ifae upepo. Lakini kisanduku kilifanana na kile cha zamani, na wanaume wawili waliokuwa wakinunua koki walikuwa wakinitazama, nami nikaona haya kusema kwamba sijui yangu ilikuwa ya aina gani. Nikasema, "Ndiyo hii hii."

Jumatano asubuhi niliifunga. Ilikata umeme mtungi ukiwa haujafika hata nusu. Upepo ule ungetosha baiskeli na pikipiki. Nikakaza skrubu yake mpaka mwisho wa uzi, ikapanda kidogo. Nikaipinda springi kwa koleo, ikapanda tena. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga begi lake dogo, liko mlangoni mwa nyumba, na juu yake amekunja sweta nene ya mama yake.

"Imekubali?" aliuliza kila alipopita.

"Inakaribia."

Alhamisi ilianza tabia nyingine. Ikikata, ikitaka kuwasha tena, mota ilinguruma bila kuzunguka, ikachemka hadi harufu ya waya kuungua ikajaa banda. Ilibidi mtu akimbie akazime kwenye nguzo. Mtu huyo alikuwa mke wangu. Kwa hiyo sasa nilikuwa na swichi, na bado nilikuwa na yeye.

Jioni hiyo kaka yake alipiga tena. Wakati huu mazungumzo yalikuwa mafupi. Mke wangu alisimama mbele yangu huku simu iko bado mkononi.

"Baba watoto, mimi kesho naondoka."

"Kesho nakwenda Makambako," nilisema. "Kule zipo zenyewe. Saa kumi nimerudi. Keshokutwa asubuhi nakupandisha basi mimi mwenyewe. Siku moja, mama."

Sikuwahi kumpiga mke wangu wala kumtukana, na watu waliniona mume mwema. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kwamba nikisema jambo kwa upole linakuwa. Aliingia ndani akatoa sweta kwenye begi akaitandika kitandani ili isipate mikunjo.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi. Makambako kuna maduka ya spea yamepangana kando ya barabara kuu, kwa sababu malori yote yatokayo Songea na Mbeya yanapita pale. Niliingia duka moja la Mkinga, mtu wa makamo mwenye koti la ngozi na kofia ya sufu. Nilimwambia nimetoka Njombe na kwamba mke wangu ni wa Bulongwa, nikitumaini atanipunguzia bei.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu kwa Kibena, akivuta neno kwa utani. "Sampuli iko wapi?"

"Sina."

"Mbena akija dukani bila sampuli, ujue ameisahau kwenye kilabu cha ulanzi."

"Na Mkinga akikosa kukuuzia kitu hawezi kulala," nilimjibu.

Alicheka. Alipanga swichi tano juu ya kaunta. "Haya. Mota ya umeme wa nyumbani au wa mashine?"

"Wa nyumbani."

"Tundu lake la kufungia, moja au manne?"

"Moja."

"Ilikuwa inakata kwenye ngapi?"

Nikagusa swichi moja kubwa. "Hii je?"

"Hiyo inakata kwenye presha ya baa kumi na mbili. Ni ya mitungi mipya."

"Nipe hiyo. Itajaza malori haraka."

"Sikuuzii kabla sijajua mtungi wako. Sasa hivi inakata kwenye ngapi?"

"Haikati. Inazimwa."

"Inazimwa na nani?"

"Mke wangu."

Aliweka mikono yake juu ya kaunta. "Tangu lini?"

Nilimwambia. Nikamwambia na habari ya bolti, sijui kwa nini, pengine kwa sababu macho yake yaliniuliza. Wateja wengine wawili waliacha kuzungumza.

"Shemeji," alisema polepole, "umemkalisha dada yetu juu ya bomu miaka tisa."

Aliniambia nimpigie mke wangu simu, akwangue rangi kwenye kile kibati kilichobanwa ubavuni mwa mtungi, asome namba. Nilipiga. Ilikuwa kama saa nane. Aliitika kwa sauti ya kawaida. Nilimweleza, nikamsikia akikwangua kwa kisu, kisha akasoma herufi moja moja na namba moja moja. Mwisho wa mtungi ulikuwa baa kumi.

"Nipe niongee naye," alisema yule Mkinga.

Nilimpa simu. Alianza Kikinga kwa furaha, kama mtu aliyekutana na wa kwao njiani, akiuliza, nadhani, ni wa ukoo gani. Kisha alinyamaza akawa anasikiliza. Alivua kofia yake. Aligeuka akanipa mgongo, akatazama rafu za mikanda na filta, akasema maneno machache ya chini, akasikiliza tena. Mimi nilisimama pale na mfuko wangu wa nailoni, mume wa mwanamke yule, sielewi hata neno moja.

Aliponirudishia simu ilikuwa imekwisha kukatwa.

"Anasemaje?" nilimuuliza.

"Anasema ununue iliyo sahihi."

Hakunitania tena. Alichagua mwenyewe. "Mtungi wa zamani usiufikishe mwisho wake. Hii inakata kwenye nane, inawasha kwenye sita. Malori yatajaa polepole, dereva atasubiri. Na unaona hiki kimrija chembamba ubavuni? Swichi ikikata, kinaachia upepo uliobaki kwenye kichwa cha mashine, ili mota isiamke ikiwa imebeba mzigo. Ile ya maji haina. Ndiyo maana ilikuwa inanguruma." Aliongeza valvu mpya ya usalama, akafunga vyote kwenye gazeti. Nilipoanza kuulizia bei ya shemeji, alinitajia bei ndogo kuliko niliyokuwa nimekusudia kuomba.

"Nenda nyumbani," alisema. "Usipite popote."

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Unamngoja afike, akae, anywe maji, ndipo unamwambia. Ni adabu ambayo nimeifuata mwenyewe mara nyingi kwa wengine. Lakini ndani ya basi lile haikunijia akilini. Nilikaa dirishani na mzigo wangu wa gazeti mapajani, nikafurahi kwamba nimekwisha kuipata swichi.

Nilimkuta amesimama karibu na nguzo. Lori moja lilikuwa linaondoka, limejazwa. Nilipita nikaenda moja kwa moja kwenye mashine, nikatoa koleo na spana, nikaanza kufungua ile ya maji. Nilikuwa nikizungumza wakati wote. Nilimweleza habari ya kimrija, ya nane na sita, ya yule mtu na koti lake. Alinipokeza bisibisi nilipoitaka. Nilitoa bolti, nikafunga valvu. Jua lilikuwa bado halijazama nilipowasha. Mashine ilipanda, sauti ikashuka kama alivyonieleza, nami kwa mara ya kwanza nikaisikia vizuri, ule mlima na lile gunia. Mkono wake ulinyanyuka kwenda kwenye nguzo kwa mazoea.

"Acha," nilisema.

Swichi ilikata. Kimrija kikatoa pumzi ndefu, kukawa kimya.

"Umeona?" nilimwambia. "Imejizima. Sasa unaweza kwenda."

"Mama amefariki," alisema. "Saa saba. Kaka alinipigia kabla yako."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. "Mbona hukuniambia nilipofika?"

"Nilikuwekea maji hapo kwenye kigoda. Ulipita."

Niligeuka nikakiona kikombe.

Tuliondoka alfajiri, tukafika Bulongwa kabla ya mazishi. Kulikuwa na ukungu na watu wengi wamejifunga mablanketi. Walimfungulia jeneza amwone mama yake. Yeye alikuwa binti wa mwisho, na kumwosha mama ilikuwa kazi ya kwake. Wake wa kaka zake walikuwa wamekwisha kuifanya, walingoja hadi walipoona haiwezekani kungoja zaidi. Mmoja wao, akimshika mabega, alimwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie, au pengine kwa sababu yeye si wa pale: "Jumatano alikunywa vijiko viwili. Kila basi likipiga honi pale chini alikuwa anauliza kama ni wewe."

Baada ya kutoka makaburini, tuliketi na wazee. Kaka yake mkubwa aliuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuweka mambo mahali pake, "Mlikwama wapi, shemeji? Tuliwapigia Jumatatu."

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanitangulia.

"Usafiri," alisema. "Magari yalikuwa ya shida."

Lami ya Njombe hadi Makete inapita mbele ya banda letu. Mabasi yanapita mlangoni petu kila siku, na kila mtu aliyekuwa pale alilijua hilo. Wazee walitikisa vichwa wakasema ndiyo, usafiri. Mimi nikatazama chini. Nilimwacha aseme uongo wake kaburi la mama yake likiwa bado bichi ili mimi nisiaibike.

Swichi ile ilifanya kazi vizuri. Sijawahi kuwa na kifaa kizuri kuliko kile. Mke wangu hakuja tena kukaa bandani, hata kuleta chai. Hatukugombana. Alipika, akaenda kanisani, akafuma sweta zake sebuleni huku mlango umefungwa. Mashine ilipowaka na kuzima peke yake kutwa nzima, nilijikuta nikisubiri aniambie neno lolote juu yake, hata la kunilaumu, na hakusema. Nilijaribu kujifunza Kikinga. Nilimwuliza majina ya vitu. Alinijibu kwa upole, neno moja moja, kama unavyomjibu mgeni, nami nikaona haya nikaacha.

Mwaka uliofuata ukoo wao ulikutana kujengea kaburi. Tulikwenda wote wawili. Wakati wa kula, wazee walipowaomba wakwe waseme neno, nilisimama. Sikuwa nimemwambia mke wangu. Nilisema kwamba mwaka jana hapakuwa na shida ya usafiri. Nikaeleza habari ya kompresa, na swichi, na nani aliyekuwa anazima, na jinsi nilivyosema siku moja, kisha siku moja nyingine. Nilisema kwamba mama alimngoja binti yake siku nne na mimi ndiye niliyemzuia. Nilizungumza vibaya, nikirudia maneno. Wengine hawakuelewa kompresa ni nini, ikabidi waelezwe na vijana.

Nilitegemea ghadhabu. Ningeipokea. Kaka yake alikaa akifikiri, ameshika bakuli lake, uso wake umekunjamana kama mtu anayepiga hesabu ya jambo ambalo lingewezekana.

"Ilikuwa kuwasha na kuzima tu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ungetuambia, shemeji. Nina watoto watano wakubwa hapa, walikuwa wamekaa bure wiki ile. Tungekuletea mtu wa kuzima."

Hakusema zaidi. Alimgeukia mke wangu akamwambia jambo kwa Kikinga, na mke wangu akajibu, naye akaitikia. Kisha mke wangu akainuka kwenda kuwasaidia wanawake kuosha vyombo. Nilibaki nimesimama, sijui kama nimekwisha kumaliza au wanangoja niendelee, mpaka mtu mmoja akanivuta suruali taratibu ili nikae.